Kelele ya Usukani ni Mali ya Nani?

Kati ya sauti zote zitokazo ndani ya gari, sijaona inayomkosesha mwenye gari raha kama mlio wa usukani wa pawa. Injini ikikohoa, mtu husema ni uzee. Bodi ikilialia, husema ni barabara. Silensa ikitoboka, wapo hata wanaojivunia ngurumo yake. Lakini usukani ukianza kulia kama mbuzi aliyenaswa kamba kila gari linapokata kona, abiria hutazamana, na watoto wa kando ya njia huuiga mlio ule wakicheka. Mwenye gari huona haya. Naye akishaona haya, ombi lake kwa fundi huwa moja: "Nitolee kelele hii."

Nataka kulitafakari ombi hilo, maana lina maneno matatu tu, lakini ndani yake mna mambo mawili yasiyofanana. Kuiondoa kelele ni jambo moja. Kukiondoa kinachopiga kelele ni jambo jingine. Aliyezoea gereji anajua kwamba la kwanza ni rahisi kuliko la pili, tena bei yake ni ndogo. Swali langu ni hili: je, mwenye gari ana haki ya kulinunua la kwanza na kuliacha la pili? Gari ni lake, fedha ni zake, na masikio yanayoudhika ni yake. Nani mwingine anahusika?

Hapa Ndalambo, katika Wilaya ya Momba, swali hili lina uzito wake. Sisi tumekaa kwenye barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Zamani ilikuwa barabara ya vumbi na matope, na gari lilitambaa. Tangu ilipotiwa lami kwa fedha za mkataba ambao Tanzania ilitiliana saini na Marekani mwaka 2008, magari yanakimbia. Pikapu iliyopakia magunia ya mahindi, na juu ya magunia watu, haitambai tena. Inakwenda kwa mwendo ambao usukani ukibadilika ghafla dereva hana nafasi ya kutafakari. Tena magari yetu karibu yote ni ya mkono wa pili, au wa tatu, au wa tano. Tunduma ni mlango. Magari yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam hupita pale kwenda Zambia na Kongo, na kwa sababu hiyo kununua na kuuza gari kumekuwa kwetu jambo la kawaida kama kununua na kuuza ng'ombe. Gari moja huweza kupita mikononi mwa watu wanne bila kutoka nje ya wilaya. Kelele anayoinyamazisha wa kwanza itamkuta wa tatu, akiwa amebeba watu.

Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe, kwani si vizuri kuhukumu jambo usilojua linavyofanya kazi. Katika usukani wa pawa wa kawaida kuna pampu ndogo inayozungushwa na injini kwa mkanda. Pampu huvuta mafuta kutoka kwenye kikopo chake, ikayasukuma kwa nguvu nyingi kupitia paipu hadi kwenye reki au boksi la usukani, na huko shinikizo la mafuta humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Kisha mafuta hurudi kikoponi. Ni mzunguko uliofungwa. Mafuta hayo hayaunguzwi kama petroli, wala hayapungui kwa kufanya kazi. Yakipungua, yamevuja. Neno hili moja, kama lingeshikwa barabara, lingeokoa pampu nyingi, kwani desturi yetu ni kuongeza mafuta, kufunga boneti na kuomba Mungu.

Aliyefanikiwa kuufunga mtambo wa namna hii katika gari ni Mmarekani mmoja aitwaye Francis Davis, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika idara ya malori ya kiwanda cha Pierce-Arrow. Mwaka 1926 alikuwa na gari lake lililokuwa likigeuka kwa msaada wa mafuta. Lakini magari madogo ya kuuzwa kwa watu yalingoja hadi mwaka 1951, kampuni ya Chrysler ilipouweka usukani wa pawa katika gari lake la Imperial. Nia ilikuwa njema: kumpunguzia dereva uzito. Ila nimewahi kuwaza kwamba ulipompunguzia uzito, mtambo ule ulimpunguzia na habari. Dereva wa lori la zamani aliisoma barabara kwa mikono yake miwili. Tairi likipungua upepo, au kiungo kikianza kukaza, mabega yake yalimwambia kabla ya kitu kingine. Dereva wa pawa anageuza kwa kidole. Mikono yake haiambiwi mengi. Ameachiwa sikio.

Sikio hilo, likifundishwa, husikia mengi. Mlio mkali wa ghafla gari linapowashwa asubuhi, au usukani unapofikishwa mwisho, kisha ukatoweka, mara nyingi ni mkanda: umelegea, au umeng'aa kwa uzee hata unateleza juu ya puli. Mnong'ono kama wa mvuke usukani ukiwa umefika mwisho kabisa si ugonjwa. Ni vali inayofunguka kupunguza shinikizo, na dereva anachotakiwa kufanya ni kuurudisha usukani kidogo, asiushikilie pale zaidi ya sekunde chache. Kugonga kwenye mashimo hakutoki kwenye pampu hata kidogo. Hapo tazama tairodi endi, bushi na boljointi. Muungurumo wa kukwaruza usiokoma hata gari likienda moja kwa moja huelekea kwenye beringi ya pampu. Na ule wimbo wetu wa mbuzi, unaopanda kila injini inapoongezwa moto na kuzidi kila unapokata kona, aghalabu ni hewa: ama mafuta yamepungua, ama yapo lakini pampu inavuta hewa pamoja nayo.

Hewa ndani ya mafuta si jambo dogo. Mafuta ni magumu kubanika. Hewa hubanika upesi. Vipovu vikifika mahali penye shinikizo hubanwa na kupasuka, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja ni nyundo ndogo inayodonoa chuma. Huo ndio mlio unaousikia. Kwa hiyo kelele ile haitangazi tu uharibifu utakaokuja. Ni sauti ya uharibifu wenyewe ukitendeka, dakika ile ile unapoisikia.

Nayo hewa huingia kwa kificho. Paipu ipelekayo mafuta kutoka kikopo hadi pampu haisukumi, inavuta. Kiungo chake kikilegea, au ile oringi ndogo ya mpira iliyomo ikikauka kwa joto na umri, pampu hunywa hewa bila kudondosha tone nje. Unainama chini ya gari alfajiri, huoni hata doa, unasema, "Halivuji." Kumbe linavuja, ila linavujia ndani.

Sasa tuje kwenye ufundi wa kunyamazisha. Mkanda unaolia husuguliwa sabuni ya mche, ukatulia kwa muda. Pampu inayolia humiminiwa oili nzito ya gia badala ya mafuta mepesi yanayotakiwa, na unene wake huuficha mlio. Wapo wanaotia hata mafuta ya breki, na hao wanaharibu wakiona, kwa sababu mafuta ya breki huvimbisha na kulegeza sili za mpira ambazo hazikutengenezwa kukutana nayo. Zipo pia dawa za chupa za kuzibia mivujo, ambazo hulainisha na kuvimbisha kidogo sili zilizokauka. Hizi sizihukumu zote. Mtu akiambiwa wazi kwamba hiyo ni plasta ya kungojea hospitali, ana hiari yake.

Jirani yangu mmoja alikuwa na pikapu ya Kijapani iliyompeleka Tunduma na mazao yake kwa miaka saba. Ilipoanza kulia, aliongeza mafuta. Ilipolia tena, aliongeza tena. Baadaye aliamua kuiuza, kwa kuwa binti yake alikuwa ameingia chuo cha uuguzi, na ada haikungoja mavuno. Mnunuzi alipatikana, mtu aliyetaka gari la kubebea watu na mizigo siku za mnada. Alisema angekuja Jumamosi. Siku ya Alhamisi jirani yangu aliipeleka pikapu kwa fundi wa hapa kijijini, kijana wa umri wa miaka thelathini hivi, nami nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi nikingoja kuzibiwa tairi la baiskeli.

"Fundi, nitolee kelele hii."

"Shikamoo, mzee. Kuitoa kwa namna gani?"

"Marahaba. Namna yoyote. Tia oili nzito. Nataka itulie mpaka Jumamosi."

Kijana alinyamaza. Jirani yangu aliniona namtazama, akanigeukia. "Mwalimu, mimi simwambii mtu uongo. Akiniuliza, nitamjibu. Asiponiuliza, nimkalishe kitako nimhesabie maradhi ya gari? Nani alinihesabia mimi nilipoinunua?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo, na hadi leo naona maneno yale yana nguvu kuliko wanavyodhani watu wanaopenda kuhubiri. Kwanza, hayakutoka kwa mwizi. Yalitoka kwa baba mwenye shida ya kweli. Pili, si mapya. Cicero, yule wakili wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristo alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu wa mtu, na ndani yake aliweka mabishano ya wanafalsafa wawili juu ya jambo hili hili. Mtu anauza nyumba. Anajua ina kasoro, mbao zake mbovu, na wadudu wamejaa vyumbani, mwingine hajui. Je, ni lazima aseme? Antipater alishikilia kwamba lazima, kwa sababu binadamu wamefungamana, na faida yangu haiwezi kutengwa na faida ya jirani. Diogenes wa Babeli, ambaye alikuwa mwalimu wake, alijibu kwamba kuficha ni kitu kimoja na kutosema ni kitu kingine. Muuzaji hakumlazimisha mtu kununua. Mnunuzi ana akili zake na macho yake. Pale anapoamua kwa hukumu yake mwenyewe, udanganyifu wa muuzaji uko wapi?

Jirani yangu, bila kumsoma, alikuwa mwanafunzi wa Diogenes. Hata sheria yetu haiko mbali sana naye. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata ile ya Waingereza ya mwaka 1893, imeacha mzigo mkubwa juu ya mnunuzi: ajihadhari, atazame mwenyewe. Cicero aliamua upande wa Antipater. Lakini mimi nataka kumpa Diogenes nafasi yake yote, nimkubalie kila alichosema, kisha nione kama atasimama upande wa jirani yangu pale gereji.

Naona hawezi. Lugha yetu imetuonyesha sababu kwa silabi moja tu. Kunyamaza si kunyamazisha. Jirani yangu alitetea haki ya kunyamaza, lakini alichokiomba ni kunyamazisha. Kama angeiacha pikapu ilivyo, akafunga mdomo wake, mnunuzi angekuja Jumamosi, angewasha, angegeuza usukani, na gari lingejisemea lenyewe. Hukumu ya mnunuzi, ambayo Diogenes aliifanya nguzo ya hoja yake yote, ingekuwa hai. Oili nzito inakwenda kuivunja nguzo hiyo hiyo. Inamwendea shahidi usiku na kumpa fedha asifike mahakamani. Baada ya hapo huwezi kusema, "Mbona hakuuliza?" Aliuliza kwa mikono yake, alipougeuza usukani. Jibu alilopewa lilikuwa la uongo, ingawa hakuna kinywa kilichofunguliwa.

Hapo ndipo naona kelele si mali ya mwenye gari peke yake. Gari ni lake, ndiyo, na anaweza kulipaka rangi, kulikata au kulichoma moto. Lakini habari kwamba pampu inakula hewa ni ya kila mtu ambaye uhai wake utategemea pampu hiyo. Isemwe kwa haki kwamba usukani wa pawa ukifa, gari bado hugeuka. Chuma kimeunganishwa na chuma. Ila huwa mzito mara moja, na mzito kwelikweli kama gari limepakia. Dereva aliyezoea kugeuza kwa kidole anakuta jiwe mikononi, yumo katikati ya kona, na ng'ombe wako mbele. Au paipu inapasuka na mafuta yanarukia ekzosi yenye moto, na mafuta hayo huweza kuwaka. Watu walioketi juu ya magunia hawakununua gari. Hawakupata hata ile nafasi ya mnunuzi ya kugeuza usukani na kusikiliza. Wamepanda kwa nauli.

"Na umaskini je?" Hili ndilo swali linaloniuma. Mtu hana fedha za pampu, ana binti chuoni. Tumwambie atengeneze kila kitu ndipo auze? Tukisema hivyo, tumewaambia maskini wote wasiuze kitu. Hapa nakumbuka habari mashuhuri ambayo Waislamu wanaihifadhi katika Hadithi. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Mwenye lundo alisema ni mvua imenyesha. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akaonya kwamba mwenye kudanganya si mwenzake. Nimependa jinsi amri ile ilivyo ndogo. Hakumwambia aikaushe, wala aitupe. Hakumwambia mvua ni kosa lake. Alimtaka aigeuze: ya chini iwe juu. Hilo hata asiye na shilingi analiweza, ingawa litampunguzia bei.

Kijana fundi hakuwa na habari za Cicero. Alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi nikitia oili nzito, Jumamosi jioni gari hilo litapita hapa limebeba watu wa mnada. Dada yangu hupanda na wanawe." Kisha akaongeza, kama anayetaka kumsitiri mkubwa wake, "Hebu kwanza tulisikilize. Huenda si ghali."

Nikafuatilia kwa makini alichofanya, maana upo uovu wa pili ambao ni ndugu wa kunyamazisha, nao watu huuita ufundi hodari. Ni ule wa fundi ambaye akisikia mlio tu anatamka, "Pampu imekufa, nunua nyingine." Pampu inanunuliwa, inafungwa, na baada ya wiki nayo inalia, kwa kuwa oringi iliyokauka haikuguswa, na hewa imeanza kuila pampu mpya kama ilivyoila ile ya kwanza. Aliyetia oili nzito hakusikiliza. Aliyebadilisha pampu naye hakusikiliza, ila wa pili ametumia fedha nyingi zaidi za mwenzake. Wote wawili hawakuweza kuvumilia ile saa ngumu ya kutojua. Na uchunguzi wote, wa gari au wa mtu, ni kuivumilia saa hiyo.

Kijana aliivumilia. Alifungua kifuniko cha kikopo. Mafuta yalikuwa ya rangi ya hudhurungi, wala si mekundu kama yanavyotakiwa yakiwa mapya, na juu yake palikuwa na povu kama la pombe ya kienyeji. Povu hilo lilikuwa limefurika na kukauka pembeni mwa kikopo. Huko ndiko mafuta ya jirani yangu yalikokuwa yakiishia kwa miezi yote ile. Alitazama mkanda akaubonyeza kwa kidole gumba, ulikuwa mzima. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya pampu na mpini wake sikioni. Kisha akafanya jambo lililonifurahisha: injini ikiwa inanguruma, alidondosha mafuta kidogo, tone kwa tone, juu ya kiungo cha paipu ya kuvutia. Mlio ukakatika. Ukakaa kimya kwa muda mfupi, halafu ukarudi. Mafuta yale yalikuwa yameziba upenyo, na pampu ilipoyamaliza kuyanywa ikaanza tena kunywa hewa. Gari lilikuwa limetaja penye ugonjwa kwa kinywa chake.

Oringi yenyewe ilipotolewa ilikuwa ngumu kama ganda la mkungu, ikavunjika mkononi. Mpya ilipatikana kwa bei ya soda mbili tatu. Akamwaga mafuta machafu, akaosha kikopo na kichujio kilichomo ndani yake, akatia mafuta yanayostahili. Magurudumu ya mbele yakiwa juu na injini imezimwa, aligeuza usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mara nyingi, akiongeza mafuta, mpaka vipovu vikaisha. Ndipo akawasha.

Kelele iliondoka. Karibu yote. Usukani ulipofikishwa karibu na mwisho bado ulitoa mguno mdogo, na kijana akasema wazi kwamba nyundo za ile miezi zilikuwa zimekwisha kuila pampu kwa ndani. Ingeweza kufanya kazi mwaka mmoja, au mitatu, hakuapa.

Nimewahi kuona mkutano wa kijiji ukiendeshwa kama pikapu ile ilivyokuwa iendeshwe. Mtu mmoja analalamika kila mara, juu ya kisima au juu ya mbolea, na sauti yake inakera kweli. Anapewa ujumbe katika kamati, au posho ndogo, au anatishwa. Anatulia, na wakubwa wanasema sasa kuna amani. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu chake Tujisahihishe mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, akiwataka wenzake wa TANU waambiane makosa yao waziwazi. Nadhani alijua jinsi oili nzito inavyopatikana kwa urahisi katika chama chochote. Lakini nisitoke nje ya gereji.

Jioni ile jirani yangu aliniuliza, safari hii kwa upole, kama sasa alikuwa huru. Ugonjwa ulikuwa umetibiwa, na mguno uliobaki ulihitaji sikio la fundi kuutambua. Nikamwambia ninavyoona: kwamba kwa mguno ule hakuna aliyeunyamazisha, na Diogenes angemruhusu anyamaze, lakini mimi si wa Diogenes, na chini ya lundo lake bado palikuwa na unyevu ambao yeye aliujua na mwingine hakuujua. Hakunijibu.

Jumamosi mnunuzi alikuja. Jirani yangu mwenyewe ndiye aliyemwambia. Alimwambia kwa maneno machache na uso umekunjamana: oringi mpya, mafuta mapya, pampu imelika kidogo, geuza mpaka mwisho usikie. Yule mtu aligeuza, akasikia, akapunguza laki nane kwenye bei. Laki nane zilikuwa sehemu kubwa ya ada ya binti. Jirani yangu alikopa kwa riba ili kuziba pengo, na kwa majuma kadhaa alinisalimu kwa haraka bila kusimama. Sikumlaumu. Ni rahisi kwangu kuwataja Warumi. Mkopo aliulipa yeye.

Nimefikiri pia juu ya fundi. Katika biashara ile yeye hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Sheria isingemtafuta, na kama angetia oili nzito angekuwa ametii tu amri ya mwenye mali, tena mkubwa kwake kwa umri. Watu wengi duniani husimama mahali pake: karani anayeandika hesabu za mwingine, mganga anayeambiwa amtulize mgonjwa aweze kusafiri, mwandishi anayetakiwa alainishe ripoti. Wao ndio wenye mikono inayojua kunyamazisha. Mwenye gari peke yake asingeweza. Hakujua hata oili itiwe wapi. Ndiyo maana nashindwa kukubali kwamba dhambi ya kazi ile hubebwa yote na aliyeiagiza. Na ndiyo maana nilimheshimu yule kijana kwa jinsi alivyokataa, bila kumwaibisha mzee, kwa kusema tu, "Hebu kwanza tulisikilize."

Pikapu ile ipo. Nimeipanda zaidi ya mara moja kwenda Tunduma. Asubuhi za Juni, baridi ya huku inapokuwa kali, hulia kidogo inapokata kona kuingia barabarani, na abiria mgeni hugeuza shingo. Utingo humwahi kabla hajauliza: ni pampu, imelika kidogo ndani, mafuta yake tunayatazama kila Jumatatu.